Pikipiki ya zamani: uiuze au ubaki nayo? Jibu liko kwenye siku za gereji

WAFANYABIASHARA wadogo wa Kibaha na Kisarawe wanaopeleka mali sokoni kwa pikipiki hujibu swali la kuuza au kutouza chombo chao kwa njia mbili. Wapo wanaouza mara tu injini inapoanza kutoa moshi, na wapo wanaosema hii haiuzwi, imenilea. Kwa kawaida wote hao huwa hawajapiga hesabu.

Mwandishi wa ukurasa huu alikuwa katika kundi la pili hadi Novemba mwaka jana. Ninayo Honda CG 125 niliyoinunua mwaka 2011 kwa mstaafu mmoja, ikiwa tayari na miaka yake mgongoni. Naishi kata ya Pangani, Kibaha Mjini (si ile Pangani ya Tanga yenye mto na bahari, ingawa mzigo wangu mmoja ulishawahi kusafirishwa huko kwa makosa), na nyumbani tunafuga kuku wa mayai. Pikipiki hiyo ndiyo inayotoa trei 20 za mayai Pangani hadi Maili Moja, na siku nyingine hadi Kiluvya, ambako unakuwa umeshaingia Wilaya ya Kisarawe. Kurudi hubeba chakula cha kuku. Kwa mwaka inatembea kama kilomita 10,000.

Jioni moja kijana wa kijiwe cha bodaboda alisimama mlangoni.

"Shikamoo baba. Ile Honda yako nikupe laki tisa taslimu. Au kama hutaki taslimu, tufanye mkataba, nakuletea elfu sita kila siku kwa miezi kumi."

"Marahaba. Niache nikapige hesabu kwanza."

"Hesabu gani tena, baba? Chombo chenyewe kizee."

Hesabu ilichukua wiki mbili na ilinitoa jasho, kwa sababu mara ya kwanza ilisema niuze. Tunaiweka hapa kama ilivyokuwa. Bei zilizotumika ni zangu na zimefanywa namba za mkato ili zifuatike kwa urahisi. Msomaji aweke zake, maana kinachotafutwa hapa ni njia ya kukokotoa.

Mpya inavyoyeyuka

Chombo kipya hupoteza thamani kubwa mara kinapotoka dukani. Kikishapewa namba na kutembea mwaka mmoja, hakuna mnunuzi atakayekupa bei ya dukani hata kama bado kinang'aa. Tuseme pikipiki mpya ya cc 125 au 150, pamoja na usajili na bima ndogo, imekugharimu sh. 3,000,000/-. Baada ya miaka mitatu ya kubeba mali, ukiiuza sh. 1,700,000/- umeuza vizuri. Zilizoyeyuka ni sh. 1,300,000/-, yaani takriban sh. 433,000/- kila mwaka.

Kizee changu kinauzika sh. 900,000/- leo. Baada ya miaka mitatu, kikiwa bado kinatembea, nakadiria kitapata sh. 600,000/-. Uchakavu wake ni sh. 100,000/- tu kwa mwaka, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani ilishayeyukia mikononi mwa wenye nacho waliotangulia. Tofauti kati ya mpya na kizee ni sh. 333,000/- kwa mwaka.

Kuna gharama ya pili ambayo wengi huisahau. Nikiuza kizee kwa sh. 900,000/- na kununua mpya kwa sh. 3,000,000/-, natoa mfukoni sh. 2,100,000/-. Fedha hizo zingekaa kwenye vifaranga, kwenye chakula cha kuku kilichonunuliwa wakati bei iko chini, au kwenye vipande vya UTT. Kwa kadirio la asilimia 10 kwa mwaka ni sh. 210,000/-. Ukijumlisha na ile tofauti ya uchakavu unapata sh. 543,000/-.

Nimeziita posho ya kizee. Kila mwaka pikipiki yangu ya zamani inaniokolea sh. 543,000/- kwa kutokuwa mpya. Ikila kupita hapo, juu ya kile ambacho hata mpya ingekula (oili, matairi, cheni), iuzwe. Ikila chini ya hapo, ibaki.

Kizee kilikuwa kinakula nini

Bili za fundi zilikuwa rahisi kuzipata kwa sababu fundi wangu wa Maili Moja anaandika. Ukiondoa matengenezo ya kawaida, mwaka mzima nilitumia kama sh. 150,000/-: waya za klachi, spoku, beringi za gurudumu la nyuma, mara mbili kuchomelea keria. Nikafurahi, nikaona niko mbali na mstari wa posho.

Mama watoto ndiye aliyeiharibu furaha hiyo. Yeye ndiye mwenye daftari la mayai, na ndani yake kuna safu ya yaliyopasuka. Kwa miezi minane mfululizo yalikuwa yanapasuka mayai kati ya manne na matano kila safari, jumla kama trei moja kwa wiki. Nilikuwa nalaumu barabara. "Barabara ni ile ile ya mwaka juzi, baba," alisema, akanionyesha mwaka juzi. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, mafuta yametoka yote, na kila shimo lilikuwa linafika kwenye trei moja kwa moja. Trei kwa sh. 8,000/- mara wiki 52 ni sh. 416,000/-. Hakuna bili ya gereji iliyoionyesha, kwa sababu ilikuwa inalipwa kwa mayai.

Petroli nayo. Injini ya CG 125 iliyo katika hali nzuri, kwa mwendo wangu wa polepole na mzigo wa wastani, hunipa kilomita 40 kwa lita. Nilijaza tangi, nikaandika kilomita, nikajaza tena baada ya siku tano. Ikatoka kilomita 32. Kwa kilomita 10,000 hiyo ni lita 62 na nusu za ziada. Tangu mwaka 2022, bei elekezi za EWURA zilipovuka sh. 3,000/- kwa lita, nimezoea kutumia namba hiyo katika mahesabu yangu, basi ikawa sh. 187,500/-.

Mwisho nikahesabu siku. Mwaka uliopita pikipiki ililala gereji siku 19. Kila siku isipotembea namkodi kijana wa bodaboda kupeleka mayai na kurudisha chakula. Ukitoa petroli ambayo ningetumia mwenyewe, inanigharimu sh. 12,000/-. Siku 19 ni sh. 228,000/-.

Jumla yote sh. 981,500/-, dhidi ya posho ya sh. 543,000/-. Kwa hesabu hiyo kijana wa kijiwe alikuwa amechelewa kuja.

Fundi alivyosema

Kabla ya kumwita kijana nilikwenda kwa fundi nikiwa na karatasi yangu. Aliisoma akiwa amechuchumaa, mikono imejaa grisi. "Mzee, hapa unauza pikipiki kwa ugonjwa wa laki tatu na ushee. Umepita na moshi huu mbele yangu mwaka mzima, nikikwambia unasema bado inavuta."

Alikuwa sahihi, na hapa inafaa tueleze kidogo chombo chenyewe, kwa sababu jibu la swali letu linategemea sana ni pikipiki gani.

Honda walitoa CG 125 mwaka 1976 wakiwa wanafikiria nchi ambazo pikipiki hufanya kazi kutwa na hupata huduma haba. Badala ya mnyororo wa kuzungusha kamshafti juu ya injini, waliiweka kamshafti chini, ikazungushwa na gia, na valvu zikasukumwa kwa vijiti virefu. Mpangilio huo ni wa kizamani na hauipi injini mbio nyingi, ila hakuna mnyororo wa ndani wa kulegea wala kifaa cha kuukaza. Viwanda vya China viliiga injini hiyo kwa wingi, vikaipanua pistoni kutoka milimita 56.5 hadi 62 wakapata cc 150, na sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zilizojaa kwenye vijiwe vyetu zimezaliwa kutoka kwenye mchoro huo. Matokeo yake ni kwamba mwenye CG ya zamani anapata bloku, pistoni, ringi na sahani za klachi Kariakoo na hata Maili Moja, kwa bei ya ushindani, siku hiyo hiyo.

Wasomaji wenye umri wetu watakumbuka ilivyokuwa kabla. Hadi mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, pikipiki mpya ilikuwa ni ya kupangiwa, na spea ilikuwa ya kuomba kwa mtu anayesafiri. Watu walikaa na chombo miaka 20 kwa sababu hakukuwa na kingine. Nadhani ule usemi wa "haiuzwi" tuliurithi huko, na tumeendelea kuusema katika soko ambalo sababu yake ilishaondoka.

Upande wa pili wapo wenye pikipiki za injini ya kuchanganya oili na petroli, zile za mashirika na miradi ya zamani, Yamaha na Suzuki. Nyingi ni imara, na wenye nazo wanazipenda kuliko mimi ninavyoipenda Honda. Lakini ringi ikikatika, unaweza kuitafuta wiki tatu. Kwa mtu wa namna hiyo safu ya siku katika hesabu yetu hupanda kwa mkupuo mmoja, na hakuna ufundi unaoweza kuishusha. Mwenye Boxer au TVS kutoka India hana tatizo hilo kwa sasa, maana zimeenea mno.

Fundi alifungua injini mbele yangu. Bloku ilikuwa imelika, lakini ilikuwa haijawahi kuchongwa. Silinda ya CG huchongwa kwa hatua za robo milimita, na pistoni kubwa zaidi kidogo huuzwa kwa hatua hizo hizo hadi milimita moja, kwa hiyo bado nilikuwa na hatua nne mkononi. Kuchonga, pistoni, ringi, sili za valvu na kusafisha kabureta alinipigia sh. 250,000/- pamoja na kazi. Shokapu mbili sh. 70,000/-. Jumla sh. 320,000/-.

Kabla hujatoa shilingi

Hapa ndipo wengi huteleza, na nilitaka niteleze. Unapokuwa na chombo unachokipenda, sh. 320,000/- za kukifufua huonekana ndogo, halafu zinafuata nyingine 200,000/-, na kila mara unajiambia kwamba zilizokwisha kuingia zitapotea bure ukiuza. Zilizoingia zimeshaingia. Swali ni hizi za leo tu zitanunua nini kuanzia leo.

Na ukitengeneza kwa nia ya kuuza, umempa mnunuzi zawadi. Yule kijana alitoa laki tisa akiwa anasikia moshi puani. Baada ya injini kufunguliwa angeongeza labda laki moja. Mwenye nia ya kuuza auze ilivyo, na mwenye kutengeneza atengeneze kwa sababu anabaki nayo.

Kwa hiyo kabla ya kukubali nilimwomba fundi aache injini kwanza aangalie fremu. Injini ni kitu cha dukani. Ikifa kabisa, ipo nyingine, ingawa namba yake imeandikwa kwenye kadi na kuibadilisha kunahitaji kufikishwa TRA ili kadi isomeke sawa na chombo. Fremu haina mbadala wa namna hiyo. Alivua tangi na kiti, akasugua kwa brashi ya waya shingo ya mbele inapopita stelingi, kisha mahali uma wa nyuma unapofungwa. Hayo ndiyo maeneo yanayopasuka kwenye pikipiki zilizobeba magunia ya mkaa kutoka vijiji vya ndani vya Kisarawe, na ndiyo yanayofichwa kwa rangi siku ya kuuza. Yangu ilikuwa na kutu ya juu juu tu. Ingekuwa na ufa kwenye shingo, makala hii ingeishia hapa na Honda ingekuwa imeuzwa kama spea. Ufa wa shingo ukichomelewa unaweza kuachia tena ukiwa barabarani, na barabara ya Morogoro ina malori.

Kadi nayo ni sehemu ya hesabu. Niliponunua mwaka 2011 tulipeana kadi na karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, nikaona inatosha. Sikubadili jina kwa miaka minane. Nilipokwenda hatimaye, mstaafu yule alikuwa amefariki, na ikabidi kusubiri familia yake ipate msimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo ndipo mtu awe na mamlaka ya kusaini. Ilichukua miezi mitano, na familia ile ilinivumilia sana. Msomaji mwenye pikipiki ya zamani yenye jina la mtu mwingine aelewe kwamba thamani yake sokoni si laki tisa. Mnunuzi makini ataondoa, na anayelipa bei kamili bila kuuliza kadi huenda ana sababu zake.

Hesabu ya pili

Injini nikaipa miaka mitatu, ikawa takriban sh. 83,000/- kwa mwaka. Shokapu nikazipa miwili, sh. 35,000/-. Zile sh. 150,000/- za matengenezo madogo nikaziacha kama zilivyo, maana kizee hakiachi kuugua vidonda vidogo. Jumla sh. 268,000/-. Mayai hayapasuki tena zaidi ya yale mawili matatu ya kawaida. Petroli, baada ya injini kuzoea, imerudi kilomita 39 kwa lita, tofauti na mpya haifiki sh. 20,000/- kwa mwaka, nikaiacha.

Toa sh. 268,000/- kwenye posho ya sh. 543,000/-, zinabaki sh. 275,000/-. Gawa kwa sh. 12,000/- za siku moja ya kukodi. Inatoka siku 22 na ushee.

Kwa hiyo nikisema nabaki na pikipiki yangu, maana yake nina siku 22 za gereji kwa mwaka, karibu mbili kwa mwezi. Zikipita, sina kisingizio tena. Ndiyo namba moja ninayoifuatilia sasa. Bili za fundi hubadilika mwezi hadi mwezi na hudanganya, lakini siku ambayo chombo hakikutembea inaandikika na haina ubishi.

Msomaji ataona kwamba namba hiyo ni ya mtu wa kilomita 10,000 kwa mwaka. Mwenye bodaboda anayetembea kilomita 100 kwa siku yuko kwingine kabisa. Kwake siku moja ya gereji ni mapato yote ya siku pamoja na hesabu ya bosi, na injini ninayoipa miaka mitatu yeye ataimaliza kwa mwaka mmoja. Mtu huyo akishaona siku mbili kwa mwezi zimepotea, na auze mapema wakati chombo bado kina bei.

Mwenye kukopa naye ana namba nyingine. Tuseme zile sh. 2,100,000/- sina, nazikopa kwa riba ya asilimia 24 juu ya mkopo wote kwa mwaka mmoja. Riba ni sh. 504,000/- mahali pa zile 210,000/-. Posho ya kizee katika mwaka huo inapanda hadi sh. 837,000/-, na siku zangu za gereji zinakuwa 47. Yaani kwa anayekopa, pikipiki ya zamani inaweza kulala gereji karibu mara moja kwa wiki na bado iwe nafuu kuliko mpya ya mkopo. Maofisa wa mikopo hawatakuonyesha hesabu hiyo.

Na ule mkataba je?

Tusiuache, maana ndio unaowavutia wawekezaji wadogo wengi. Shilingi 6,000/- kwa siku, siku 26 kwa mwezi, miezi kumi, ni sh. 1,560,000/-. Dhidi ya sh. 900,000/- taslimu inaonekana ni faida ya wazi.

Kwenye chombo kipya mkataba una mantiki yake: kijana anajua mwisho wa miezi atakuwa na pikipiki yenye miaka ya kazi mbele, kwa hiyo anailinda. Kwenye chombo kizee anajua mwisho atarithi uchovu. Ataikamua. Injini ikifa mwezi wa tano, umeshapokea sh. 780,000/- na unarudishiwa mabaki, au hurudishiwi. Aidha, katika miezi yote hiyo kadi ni yako. Akigonga mtu Kwa Mathias usiku, jina litakaloonekana kwenye kumbukumbu ni la mwenye kadi. Chombo cha abiria pia kinatakiwa kuwa na leseni yake chini ya kanuni za mwaka 2010, zilizosimamiwa na SUMATRA kabla ya LATRA kuchukua nafasi hiyo mwaka 2019, na bima yake ni ya biashara ya abiria. Bima ndogo ninayolipa mimi ya matumizi binafsi haitafaa siku ya ajali.

Wapo wenye pikipiki nne au tano za mkataba wanaofanya vizuri hapa Kibaha. Nilionao karibu wote huanza na mpya, wana mdhamini wa kijana aliyeandikwa, na wanajua kijana analala wapi. Hakuna ninayemfahamu aliyefanikiwa kwa kuanza na kizee.

Swali la umeme

Baadhi ya wasomaji huuliza kama kubaki na ya petroli kwa muda mrefu si kubaki na mali itakayokosa soko. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa zinatakiwa ziwe za umeme, na Nairobi kampuni za kubadilishana betri zimeshatapakaa. Huenda na sisi tukafika. Kwa mtu wa Pangani anayepiga hesabu ya miaka mitatu, sioni kama hilo linabadilisha kitu. Pikipiki za petroli zilizoko barabarani ni nyingi mno, na maadamu zinatembea kutakuwa na mtu anayeuza ringi. Anayetakiwa kufikiri zaidi ni yule anayetaka kulipa milioni tatu leo kwa ya petroli akitegemea kuiuza baada ya miaka sita.

Kijana alirudi Jumamosi kusikia jibu. Nilimwambia haiuzwi, na safari hii nikamwonyesha karatasi. Aliisoma yote, akauliza zile siku 22 zikifika atapewa nafasi ya kwanza. Nikamkubalia, kwa bei ya siku hiyo.

Hadi tunakwenda mitamboni, daftari lina siku 4 tangu Januari. Moja ilikuwa ya pancha iliyonikuta usiku. Tumebishana na mama watoto kama hiyo ihesabiwe. Ameiandika.